Koti la Kifaru

Ukiuliza Wacuka ni nani pale Kitengela, upande ule ambapo ploti zimeanza kujaa lakini upepo wa mbugani bado unapita kati ya nyumba unavyotaka, utaambiwa ni Mama Keki, basi. Keki ya harusi ya binti wa pasta aliipika yeye. Ile ya ghorofa iliyobebwa hadi Isinya, ikiwa imepakatwa na wanaume wazima walioogopa hata kukohoa, pia ni yake. Ni mama mnene kiasi, mpole, mwenye mikono midogo isiyolingana na mwili wake, na mtu akimsifu hujibu kwamba ni Mungu tu. Mungu gani sasa? Ni mikono yake. Lakini huyo ndiye Wacuka, na mimi nilishachoka kugombana na upole wake.

Mumewe anaitwa Joram, na upole wa nyumba hiyo haukuwahi kumfikia. Joram alikuwa mpima ardhi. Alishinda Kajiado na viunga vyake akipanda bikoni, yale mawe ya mpaka, kwenye mashamba ya watu, na alikuwa hodari, hilo hakuna wa kumnyima. Mpaka ukiwekwa na Joram umewekwa. Shida ni kwamba jioni alirudi nyumbani na kazi hiyo hiyo. Kila kitu kilikuwa na mpaka: kiti chake, kikombe chake, saa yake ya kula, mke afike wapi na asipite wapi.

Na kulikuwa na kabati la kioo sebuleni. Joram alikuwa na mapenzi ya ajabu ambayo aliyatoa sijui wapi: alitengeneza vifaru vya vita, vile vidogo vya plastiki vinavyokuja kwa boksi vikiwa vipande vipande, mtu akaviunganisha kwa gundi na kuvipaka rangi hadi vifanane kabisa na vile vilivyopigana kwenye vita kuu vya pili. Kimoja kinaenea kwenye kiganja. Alivipanga kabatini, akafunga, ufunguo akauning'iniza shingoni pamoja na ule wa geti. Wacuka alikuwa na ruhusa ya kupanguza kioo kwa nje.

Sasa sikiliza kisa cha hilo kabati, maana ndiko yote yalikotoka. Kui, mtoto wao wa pekee, alipozaliwa, mama yake Wacuka alikuja kumwona. Jina lake Nyakio, mkulima wa nyanya na vitunguu huko Illasit, karibu kabisa na mpaka wa Tanzania. Alikuja na wanawake wenzake kuleta itega, zile zawadi ambazo akina mama humpelekea aliyejifungua, wakaingia na uji na ndizi na mashuka na nyimbo. Nyakio alikuwa mtu wa kucheka. Alisimama mbele ya kabati, akatazama, kisha akauliza kwa sauti kama kweli mtoto wa juzi ameshanunuliwa toi zote hizi. Mtu akamnong'onezea kwamba ni za baba ya mtoto. Weh! Nyakio alicheka mpaka akatafuta mahali pa kukaa. Wanawake wote wakacheka, na Wacuka mwenyewe, kidonda bado kibichi, akashika tumbo akacheka nao. Joram alikuwa amesimama mlangoni na kreti ya soda.

Aliiweka kreti chini, akatoka, hakurudi mpaka wageni walipoondoka. Kisha akamwambia mkewe maneno ambayo Wacuka anaweza kukusomea hata leo bila kukosea. "Mama yako hatakanyaga hapa tena mpaka nimkaribishe mimi mwenyewe, na mdomo yangu."

Nyakio alipoambiwa, naye hakuwa mtu wa kusukumwa. Alisema sawa, ataungoja huo mdomo. Akaungoja. Kui akatambaa, akaenda shule, akavaa joho la chuo, akapata kazi Dubai, na mdomo wa Joram bado umefungwa. Watu wakiuliza mbona bibi hatembelei binti yake, Joram alisingizia mila. Alisema mama mkwe halali kwa mkwe wake, ni aibu, na wazee wa kanisa wakamsifu kwa kushika heshima. Heshima! Mtu amechekwa kidogo tu, akakaa na hicho kicheko kifuani miaka na miaka akikilisha.

Wacuka alikuwa akienda Illasit mwenyewe, siku mbili tatu, akirudi na nyanya kwenye ndoo na macho yamevimba. Mama alikuwa anazeeka. Macho yakaingia ukungu, miguu ikaanza kujaa maji, na kaka pekee wa Wacuka alikuwa ameshazikwa nyuma ya nyumba. Aliyebaki wa kumwangalia ni jirani, Lemein, Mmasai mwenye ng'ombe ng'ambo ya ua, aliyemletea maziwa, akamchajia simu, akambonyezea nambari kwa sababu yeye hakuziona tena.

Halafu kiharusi kikamwangusha Joram bafuni. Upande wa kulia ukafa wote, mkono na mguu. Ulimi ulirudi, lakini mzito, wa maneno mafupi. Akili ilibaki pale pale ilipokuwa, safi kama maji ya mtungi, na nakuomba ulikumbuke hilo, usije ukamtafutia visingizio mbele ya safari. Kuna watu ambao ugonjwa huwalainisha. Huyu aliona amepunguziwa nguvu, akaamua zile zilizobaki azitumie vizuri.

Tangu siku hiyo Wacuka hakuweza kulala nje ya nyumba. Alimwosha, alimlisha, alimgeuza, alimnyoa ndevu. Illasit ikawa mbali. Kila jioni mama na binti waliongea kwa simu, na kila jioni Wacuka alimwambia mama aje tu, atatuma mtu na gari amchukue. Geti lenyewe siku hizi hulifungua Wacuka. Joram atafanya nini, ataruka kitandani? Nyakio alikataa katakata.

"Mwanangu, siwezi kuingia kwa boma ya mtu kama mwizi," alisema. "Mwenyewe aniambie karibu. Ni neno moja tu."

Wacuka akamwomba Joram hilo neno moja. Alimwomba akimlisha, akamwomba akimvalisha soksi, akamwomba amepiga magoti akimkata kucha. Joram alikuwa akigeuza uso kuelekea dirishani.

Mambo yangekwama hapo kama Kui hangetuma boksi. Lilitoka Dubai siku ya kuzaliwa kwa baba yake: kifaru cha Wajerumani, kile kikubwa ambacho Joram alikuwa amekitamani maisha yake yote. Na kulikuwa na jirani, kijana anaitwa Makokha, mtu wa Kakamega aliyepanga nyumba ya pili kutoka hapo, karani wa benki jijini, ambaye pia alikuwa na ugonjwa wa vifaru. Yeye ndiye aliyekuja Jumapili baada ya kanisa akamgundishia mzee vipande, mzee akielekeza kwa mkono wa kushoto. Makokha akaleta habari kwamba watengenezaji wa vifaru wa Nairobi watafanya maonyesho Agosti, na wamesema kazi ya Mzee Joram itawekwa mbele, penye jina lake. Joram alilia. Kuanguka hakukumliza, mke kufua mashuka yake hakukumliza, lakini hilo lilimliza.

Kilichobaki ni koti. Hapa lazima nieleze kidogo. Vifaru vile, vile vya kweli, Wajerumani walivipaka nje aina ya lipu nzito yenye mistari, safu kwa safu, ili bomu za sumaku zisishike kwenye chuma. Mtu akija kukibandikia kifaru bomu, inateleza. Kwenye kile kidogo cha plastiki, koti hilo unalitengeneza kwa udongo wa gundi: vipande viwili, cha njano na cha buluu, unavikanda pamoja hadi rangi ziingiane, unausukuma mwembamba, unaulaza kwenye ubavu wa kifaru, kisha unauchora mistari kabla haujakauka. Na unakauka. Umekanda, umeanza kukimbizana nao. Kufika kesho ni jiwe.

Makokha alisema yeye hawezi. Vyake huviacha bila koti. Joram aliuangalia mkono wake wa kulia uliolala mapajani, kisha akaiangalia mikono ya mkewe. Sijui kama alikuwa ameiangalia hata siku moja.

"Wewe unapaka keki," akasema.

Huyu ndiye aliyeziita hizo keki sukari ya kupumbaza watoto. Wacuka akafanya jambo ambalo nikilikumbuka huwa nampigia makofi peke yangu: alimwekea mumewe masharti. Alisema atapaka, lakini koti likiisha, Joram apige simu Illasit amkaribishe mama. Makokha alijifanya anatafuta kitu kwenye boksi.

"Maliza kwanza," Joram akasema. "Ikiwa sawa, nitaongea na yeye."

Ikiwa sawa. Wacuka aliyasikia maneno hayo kama ahadi. Mimi ningeyasikia kama bikoni, lakini mimi sikuwepo. Jioni alimpigia mama, na Nyakio akacheka kile kicheko chake, akauliza kama ni kweli toi ndizo zitamfungulia geti. Akasema sawa, atafua ile nguo yake ya maua.

Kazi ikaanza. Meza iliwekwa dirishani penye mwanga, Joram upande mmoja kwenye kiti chake cha magurudumu, fimbo mkononi, Wacuka upande wa pili. Udongo aliusukuma kwa kifimbo cha chapati juu ya nailoni, amenyunyiza poda ya mtoto usishike. Hapo hakuwa na mwalimu. Chapati amesukuma tangu akiwa msichana. Akauwekelea kwenye ubavu wa kifaru, akalowesha kifaa cha kuchorea, kipande cha wembe wa msumeno wa chuma ambacho Joram alikivunja zamani na kukifunga tepu, akavuta mistari jinsi anavyovuta kwenye keki. Ikatoka mizuri, iliyonyooka.

Fimbo ikagonga meza. "Rudia."

Mistari haivutwi, inabonyezwa. Unabonyeza meno, unainua, unasogea, unabonyeza tena, na kila safu inaacha ukingo mdogo pembeni. Joram alikuwa anajua hayo tangu mwanzo na alimwacha avute ubavu mzima ndipo aseme. Wacuka akakwangua udongo kwa kisu ukiwa bado laini, akakanda mwingine. Alibonyeza. Fimbo ikagonga. Safu imepinda. Akarudia. Vumbi liliingia dirishani likakaa juu ya udongo. Akarudia. Rudia: likawa ni neno lake Joram hilo. Ulimi wake mzito ulilipenda, lilitoka bila kumsumbua. Siku nyingine aliangalia ubavu uliokamilika, akanyamaza, akaacha ukauke usiku kucha, na asubuhi, ukiwa jiwe, akasema rudia. Wacuka alijifunza siku hiyo jinsi ya kuuondoa udongo uliokauka: unaingiza ncha ya kisu chini ya ukingo, unagonga mpini taratibu, unaruka vipande vipande. Kimoja kilimruka karibu na jicho. Joram alimwambia aangalie plastiki isikwaruzwe.

Watu waliokuja kuagiza keki walirudishwa. Ncha za vidole zilipasuka kwa ile gundi, hata kuosha vyombo ikawa ni kuuma meno. Na kila jioni simu kutoka Illasit, na mama anauliza, huo mdomo umefunguka? Bado, mama. Uko karibu.

Siku moja Joram alikuwa na furaha, akataka kuongea. Akamweleza, kwa maneno yake mafupi, habari za hizo bomu za sumaku na jinsi Wajerumani walivyopaka vifaru vyao kwa maelfu. Wacuka, mkono ukibonyeza, akauliza kama maadui wao walikuwa na bomu hizo nyingi sana.

"Hapana," Joram akasema. "Hawakuwa nazo. Karibu zote zilikuwa za hawa wenyewe."

Wacuka akacheka. Ilimtoka tu, hakuipanga: watu wazima wamechanganya lipu, wamepaka mistari vifaru vyote hivyo, wakiogopa silaha ambayo wako nayo wao. Alicheka kama mama yake, kwa mwili wote, akashikilia meza. Alipoinua uso alikuta Joram anamwangalia vile alivyoangalia kutoka mlangoni na kreti ya soda. Fimbo iligonga. Ubavu huo ulikuwa safi, haukuwa na kasoro hata moja. Wacuka aliurudia wote, na ule wa pili pia.

Nakwambia, mtu mwingine angekichukua hicho kidude akakitupa kwa choo cha shimo. Wacuka alikanda udongo mwingine. Alikuwa anataka mama yake. Alikuwa ameshaandaa chumba cha Kui, amenunua blanketi, ameweka kiti cha plastiki bafuni ili mama aoge akiwa amekaa. Kila mstari aliobonyeza aliuhesabu kuwa ni hatua ya mama kutoka Illasit.

Ikabaki bamba la mbele peke yake. Ilikuwa mchana, baada ya chakula, jua limeingia vizuri. Wacuka alikuwa amelaza udongo na kufika nusu ya safu simu yake ilipolia hapo mezani. Kwenye kioo ilikuwa imeandikwa Mama. Vidole vyake vyote vilikuwa na gundi.

"Itakauka," Joram akasema. "Maliza."

Haikuwa saa ya mama kupiga. Lakini mama alikuwa mtu wa kupiga saa yoyote kuuliza kama huko mvua imenyesha. Na kulikuwa na jambo lingine, nalo ndilo linalomla Wacuka mpaka leo: alitaka kumpigia na habari njema. Alijiona akisema, mama, subiri, kuna mtu anataka kukusalimia. Ni safu chache tu zilizobaki. Akibonyeza vizuri, bila haraka, simu ya kurudisha itakuwa ni ya Joram. Simu ikakata. Ikalia tena, ndefu, ikitetemeka mezani mpaka ikasogea kuelekea kwenye bakuli la maji. Wacuka aliisukuma kwa kiwiko isilowe, akaendelea. Ikalia mara nyingine. Kisha ikanyamaza.

Alimaliza. Alisogeza mikono, akangoja fimbo. Joram aliinama, akaangalia bamba la mbele kwa muda mrefu, jicho moja limefungwa, kama alivyokuwa akichungulia kwenye darubini yake ya kupimia mashamba.

"Sawa," akasema.

Wacuka alifurahi. Sitakuficha, alifurahi kama msichana aliyepewa nguo ya Krismasi. Alirukaruka hadi jikoni akaosha mikono kwa mafuta ya taa na sabuni, akarudi akiipangusa kwa aproni, akabonyeza jina la mama, akaiweka simu kwenye sikio la upande mzima wa mumewe. Joram hakukataa. Alimwona akilainisha midomo kwa ulimi. Huko simu ilipokelewa. Joram akafungua mdomo, kisha akaufunga. Akasikiliza. Uso wake haukubadilika hata kidogo. Akasogeza kichwa mbali na simu.

"Ni yako," akasema.

Alikuwa ni Lemein. Alisema Mama Kui, pole, cucu, bibi yetu, ametuacha sasa hivi. Alieleza polepole, kwa adabu, kama mtu anayeogopa kuangusha kitu. Asubuhi cucu alivaa nguo yake ya maua, akafunga kiondo, akatoa kiti nje akakaa. Mchana alimwita Lemein ambonyezee nambari. "Alisema ukuje umchukue leo," Lemein akasema. "Ati yeye amechoka kungoja mdomo ya mtu, ataingia hata kama ni kama mwizi. Lakini alitaka akuambie mwenyewe. Alishika simu hapo kwa sikio. Ilikuwa inalia tu."

Wacuka aliiweka simu mezani. Alikaa. Joram, ng'ambo ya meza, alikuwa anaangalia bamba la mbele.

Walimzika Nyakio Illasit, karibu na mwanawe. Kui alikuja kutoka Dubai akarudi. Makokha na mkewe Evalyne ndio waliobaki na Joram, na Evalyne alisema mzee hakuuliza chochote ila kama dirisha limefungwa, vumbi lisiingie kwenye kifaru. Wacuka alirudi na kile kiondo cha mama kama kilivyofungwa: nguo za kubadilisha, kitambaa cha kichwa, Biblia ya Kikuyu isiyosomeka tena na yeyote mwenye macho kama yale, na ile simu, imekwisha chaji. Alikiweka kwenye kiti sebuleni. Akamwosha mumewe, akamlisha uji.

Joram alisema pole. Lazima niseme, alisema. Kisha akaongeza, "Makokha anakuja Jumapili. Bado rangi."

Wacuka aliosha bakuli la uji. Alilikausha, akalirudisha mahali pake. Kisha akasukuma kiti cha mumewe hadi dirishani, upande wake ule ule, akaichukua fimbo kutoka mkononi akaisimamisha kona ya mbali. Akaleta kifaru. Akaleta kisu chake kidogo cha keki na mpini wa nyundo ya nyama. Akakaa upande wa pili, akaingiza ncha chini ya ukingo wa safu ya kwanza, bamba la mbele, akagonga.

Kipande kikaruka. Joram alidhani kuna kasoro, akasema si hapo. Wacuka akagonga tena. Udongo ulitoka vizuri, alikuwa amefundishwa. Alipofika safu ya pili Joram akaelewa. Alimwita, Wacuka. Alisema wacha. Mkono wa kushoto ulinyooka juu ya meza ukafika ulipofika, na haukufika mbali, kwa sababu aliketi pale mkewe alipomkalisha. Safu ikafuata safu. Plastiki ya kijivu ikaanza kuonekana, haina hata mkwaruzo. Wacuka hakuwa na haraka na hakuwa na hasira usoni, na hiyo ndiyo ilimtisha Joram kuliko kama angekipiga chini mara moja.

Alipomaliza bamba la mbele akakigeuza kifaru ubavu. Joram alikuwa anatafuta cha kumpa. Mtu ambaye maisha yake yote amekuwa na kitu kimoja cha kunyima, siku akibanwa, atatoa nini kingine?

"Nitamkaribisha," akasema. "Wacuka. Nitaongea na yeye. Nitamkaribisha mama."

Usiniambie ni ugonjwa. Nilikuambia mapema akili yake ilikuwa safi. Alijua mama yuko chini ya udongo. Aliambiwa na Lemein kabla hata ya Wacuka. Ila hakuwa na kitu kingine mfukoni.

Kisu kikasimama. Wacuka alimwangalia. Akafuta vumbi la udongo kwenye vidole, akachukua simu yake, akabonyeza lile jina, akaiweka sauti ya juu, akailaza mezani katikati yao, kando ya vipande. Yule mwanamke wa mitambo akasema, kwa sauti yake nzuri isiyochoka, samahani, mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa.

"Mwambie," Wacuka akasema.

Joram alitazama simu. Alitazama kiondo kwenye kiti. Alitazama ubavu wa kifaru ambao ulikuwa bado mzima, na kisu kilicholala juu yake. Ulimi wake ukahangaika.

"Karibu, mama," akasema.

Simu ilikuwa imeshakata. Wacuka akabonyeza tena jina la mama yake, akaisogeza karibu zaidi na mdomo wa mumewe, na kwa mkono mwingine akaingiza ncha ya kisu chini ya safu iliyofuata.

"Rudia," akasema.